Watoto 74, mchana mmoja wa Alhamisi, shilingi elfu 40: tufanye nini kisichokufa wiki ya pili?

MwalimuWaNne (Morogoro) | Jumapili, 24 Agosti

Shikamooni wakubwa, na wa rika langu habari za wikiendi.

Nafundisha darasa la nne katika shule ya serikali pembezoni mwa Morogoro mjini. Watoto 74, mkondo mmoja. Muhula huu mwalimu mkuu ametaka kila darasa liwe na mchana mmoja wa vitendo, mbali na vipindi vya kawaida, na mimi nimeangukiwa na Alhamisi. Kamati ya shule imenipa shilingi elfu 40 za muhula mzima na kuniambia nisiguse mfuko wa mzazi. Hilo la mfuko naliunga mkono kabisa.

Wiki tatu zimeshapita na naona aibu kidogo kusimulia.

Wiki ya kwanza nilifanya volkano. Tulifinyanga mlima, tukazika chupa katikati, ndani magadi ya kupikia makande, juu nikamimina siki. Povu likafurika, watoto wakapiga kelele mpaka darasa la pili wakaja kuchungulia dirishani. Dakika nne, kwisha. Nikauliza, "Haya, hilo povu limetoka wapi?" Mmoja akanyoosha kidole: "Kwenye chupa, mwalimu." Nikakosa pa kumkosoa.

Wiki ya pili niliwaambia kila mmoja atengeneze kitu nyumbani alete. Vikaja vitu tisa, vizuri ajabu. Kimoja ni nyumba ya boksi yenye taa inayowaka. Nikamuuliza mwenye nyumba betri iko wapi, akasema baba ndiye anayejua. Waliobaki walikaa mikono mitupu, na wanne hawakuja shule kabisa siku hiyo. Hao wanne ndio wanaoninyima usingizi.

Wiki ya tatu nikasema tuanzishe bustani ya mchicha, nikawatoa nje na majembe. Kabla hatujaanza, mtoto mmoja wa kike, mpole, hajawahi kunisumbua, akanisogelea na kuuliza kwa sauti ya chini: "Mwalimu, tumekosa nini?"

Nilirudi ofisini nikakaa. Ana haki. Shuleni kwetu mtoto ukimwona na jembe ujue amechelewa namba, anaadhibiwa.

Tulicho nacho ni uwanja mkubwa wa vumbi, mwembe, mlimau mmoja nyuma ya jiko la uji, na bomba linalotoa maji asubuhi tu. Naomba mawazo ya mtu aliyewahi kufanya, si aliyewahi kusoma. Kiwe kitu kinachodumu hata mwezi, na watoto wote 74 wawe na la kufanya.

MamaPacha (Thika)

Mwalimu, mimi ni mzazi tu, nimepita kukupa heko kwa hilo la mfuko. Huku Kenya tangu mtaala wa umilisi, CBC, uingie, sisi wazazi ndio tumerudi shule. Pacha wangu wakiwa gredi ya nne waliagizwa sanamu ya kutishia ndege wa shambani. Nilikesha nikiishona, nikaivalisha shati la baba yao na kofia ya marehemu babu, wenyewe wamelala fofofo. Tulipata alama nzuri sana. Nasema tulipata, lakini aliyepata ni mimi. Tunaishi ghorofa ya tatu. Ndege tunaowajua ni kunguru wa jalalani, na hao hawaogopi kofia ya mtu.

Kwa hivyo usirudie ile ya "mtengeneze nyumbani". Utakuwa unasahihisha kazi za akina baba.

MstaafuMuheza

Marahaba, mwalimu. Nimeshika chaki miaka 31, mingi yake hapa Muheza, na ndipo nilipobaki baada ya kustaafu. Nitakueleza mambo mawili niliyoyafanya mwenyewe. Moja liliniendea vizuri, la pili liliniharibikia mara mbili kabla halijaniendea vizuri kuliko lile la kwanza.

Ila kwanza nikutetee kwenye volkano yako. Ubaya wake ni kwamba mtoto hakupata nafasi ya kukisia akakosea. Wewe ulijua kitakachotokea, yeye akatazama. Mimi kazi ya vitendo naipima hivyo tu: je, kuna siku mtoto atasema "itakuwa hivi", asubiri, kisha kitu chenyewe kimkatalie?

Na kwenye jembe, huyo binti amesema kweli inayotuuma wengi wetu. Mwalimu Nyerere alipoandika Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967 alitaka shamba liingie darasani: mbolea ifundishwe kwenye sayansi, wanafunzi washiriki kupanga na kuamua. Nilikuwa mwanafunzi miaka ya sabini. Tulilima sana. Sikumbuki hata siku moja tuliyoulizwa tupande nini.

Sasa jambo la kwanza. Fimbo ya mita moja.

Isimike uwanjani, wima. Kila Alhamisi, kuanzia saa sita kamili hadi saa 6:45, watoto waweke kijiwe kwenye ncha ya kivuli kila baada ya dakika tano. Kivuli kifupi kuliko vyote ndicho cha siku hiyo. Wakipime kwa rula, waandike urefu, waandike na upande kilikolalia. Basi. Hakuna kingine. Wiki ya kwanza wataona ni upuuzi.

Nilipoanza mimi ilikuwa Juni. Kivuli chetu kilikuwa sentimita 54 na ushei, kinalala kuelekea kusini. Niliwauliza: mwezi Desemba kitakuwaje? Wakasema hivyo hivyo, jua ni lile lile. Mmoja akasema kitakuwa kirefu zaidi kwa kuwa Desemba kuna joto na jua lina nguvu. Sikumjibu. Kikaendelea kufupika wiki hadi wiki, na Oktoba, tarehe 6 au 7 hivi, kama dakika 13 baada ya saa sita, fimbo ikasimama haina kivuli. Watoto walizunguka ile fimbo kama wamemkosa mtu. Wiki iliyofuata kivuli kikatokea upande wa pili, kinalala kaskazini, na kufikia Desemba kilikuwa sentimita 33. Yule wa joto na jua kali alikuja mezani kwangu, akasema, "Mwalimu, joto halihusiki." Sikuwa nimemwambia.

Kuna jambo sikulitegemea. Hapa kwetu watoto wengi huenda chuoni, yaani madrasa, jioni, na mmoja akawaambia wenzake kwamba haya ustadhi wao alishayasema: Adhuhuri huingia jua likipinduka, na Alasiri huingia kivuli cha kitu kikifikia urefu wa kitu chenyewe, ukiongeza kile kivuli cha adhuhuri. Wakaenda kuhakikisha kwa fimbo yetu. Siku hiyo somo lilikuwa lao, nami nikakaa chini ya mkorosho.

Wewe Morogoro uko kusini kidogo kuliko sisi, kwa hiyo kwenu fimbo itakosa kivuli siku chache baadaye, tarehe 10 au 11 Oktoba. Tena umeniuliza Agosti. Wakati haukuweza kuwa mzuri zaidi. USIWAAMBIE.

Jambo la pili ni huo mlimau nyuma ya jiko la uji.

Nenda kesho ugeuze majani machanga. Utakuta vijiyai vya duara, rangi ya manjano hafifu, kimoja kimoja. Au utakuta kitu kama kinyesi cha ndege, cheusi chenye doa jeupe. Kiguse polepole kwa kijiti. Kikitoa pembe mbili za rangi ya machungwa na harufu kali, hicho ni kiwavi wa yule kipepeo mkubwa mweusi mwenye madoa ya manjano anayezurura kwenye milimau. Akikua anabadilika kuwa kijani. Kisha anajifunga kwenye kijiti kwa uzi wake, kama mkwezi wa mnazi anavyojifunga kamba kiunoni, na anakuwa pupa.

Muheza ni mji wa machungwa, kwa hiyo viwavi hatukuwa na shida navyo. Nilichukua maboksi, nikakata madirisha, nikayaziba kwa vipande vya chandarua kikuukuu. Kufikia asubuhi ya pili walikuwa wamekufa wote. Nilisahau kwamba vyandarua vyetu vina dawa! Mtu mzima, nimefundisha malaria kila mwaka.

Nikabadilisha, nikatumia pazia jepesi. Wakaishi siku tisa. Halafu Jumatatu moja nikakuta boksi tatu zimekufa na nyingine nzima. Hapo nikawaachia watoto wenyewe wapeleleze, wakafanya kazi kuliko polisi. Nani alileta majani siku gani, kutoka mti upi. Wakagundua kwamba boksi zote tatu zilikula majani ya shamba moja, na wakaenda kumuuliza mwenye shamba. Alikuwa amepulizia dawa Jumamosi. Mzee yule akaja shuleni amekasirika: "Mwalimu, mimi nanunua dawa kuwaua hawa, wewe unawafundisha watoto kuwafuga?" Nikamkaribisha darasani amwambie kila mtoto maneno hayo hayo. Akakaa saa nzima akieleza jinsi viwavi wanavyomaliza miche kitaluni. Watoto wakambishia kwamba mti mkubwa hauumii sana. Hawakuafikiana, na mimi sikuwapatanisha. Kuna vijiji huku juu Amani ambako watu walifuga vipepeo na kuuza pupa nje ya nchi mpaka serikali ilipozuia kusafirisha wanyama hai mwaka 2016. Basi hata watu wazima hatujakubaliana kiwavi ni adui au ni mfugo.

Mara ya tatu ndiyo ilifika mwisho. Tulikuwa na pupa 14. Kila kundi limeandika tarehe, limekisia kipepeo atatoka lini. Wanne wakatoka salama, mabawa yamekunjamana kama shati lililolaliwa, yakanyooka watoto wakitazama. Kisha kundi moja likaniita. Pupa wao ana kitundu kidogo ubavuni, na ndani ya boksi kuna vidudu vidogo vidogo vyenye mabawa, kama nzi wa ndizi lakini vina mng'ao. Kipepeo hakuna. Binti mmoja akalia. Akauliza, "Nani aliwaingiza?"

Mwalimu, lile swali lilitukalisha wiki mbili. Boksi lilikuwa limefungwa. Wako walioamini ni uchawi. Wengine walisema kipepeo amegawanyika. Tukafungua pupa aliyekuwa amekuwa mweusi, tukakuta vimejaa humo. Ni nyigu wadogo sana. Mama yao hutaga mayai ndani ya pupa akiwa bado laini, na watoto wake hula humo humo mpaka wanatoboa kutoka. Nikawaonyesha mahali boksi lilipokuwa na mwanya. Mtoto mmoja mtundu akasema, "Basi huyo ndiye anayemsaidia yule mzee wa dawa." Miaka 31, na hakuna sentensi ya mwanafunzi ninayoikumbuka zaidi ya hiyo.

Tahadhari moja: waambie wasiguse kiwavi mwenye manyoya. Anawasha vibaya. Huyu wa mlimau ni mtupu, hana manyoya.

BabaMhitimu (Dodoma)

Yote mazuri mzee wangu, lakini hao ni darasa la nne. Oktoba na Novemba ndipo upimaji wa kitaifa ulipo. Mzazi atauliza kivuli na viwavi vinatoka namba ngapi kwenye mtihani.

MstaafuMuheza

Swali la haki. Mimi sikuwahi kumjibu mzazi kwa maneno, nilimpa daftari la mwanawe. Humo kuna vipimo vya sentimita na milimita, kutoa, jedwali, saa, pande za dunia, na sentensi za Kiswahili zilizoandikwa na mtoto mwenyewe, sio alizonakili ubaoni. Wengine waliondoka wameridhika, wengine hawakuridhika. Wa aina ya pili nao walikuwa wakiuliza "leo kipepeo ametoka?" walipopita getini.

MwalimuWaNne

Shikamoo tena mzee wangu. Nimesoma mara mbili, ya pili kwa sauti, mume wangu akisikiliza. Nimekwenda na tochi ya simu kwenye mlimau sasa hivi usiku huu. Kuna "vinyesi vya ndege" saba. Nimevigusa vyote, na harufu bado ninayo kidoleni.

Lakini nieleze la watoto 74. Fimbo moja, watoto 74, nitapata mechi ya mpira.

MstaafuMuheza

Fimbo moja kwa nini? Gawa makundi 12, mawili yawe na watoto saba, mengine sita. Kila kundi fimbo yake, kila kundi kaunta buku moja tu, na hiyo inalala kabatini kwako, haiendi nyumbani hata siku moja. Hapo umemaliza tatizo la akina baba. Kazi zizunguke kila wiki: wa fimbo, wa saa, wa vijiwe, wa rula, mwandishi, na mmoja ambaye kazi yake ni kubisha tu. Usicheke. Huyo mbishi ndiye wa maana kuliko wote, na utashangaa nani wanaipenda nafasi hiyo.

Makundi 12 yatakuletea majibu 12 tofauti. Usiseme lipi ni sahihi. Waache wagombane.

FundiSeremala (Mbagala)

Nawasalimu walimu. Mimi niliishia la saba lakini hili la fimbo ni la kwangu. Watapata majibu 12 kwa sababu fimbo 12 zitakuwa zimeinama kila moja kwa upande wake. Wafundishe timazi. Uzi, jiwe mwishoni, basi. Uzi ukilala sambamba na fimbo pande mbili, fimbo imesimama. Ukipima upande mmoja tu umejidanganya, wengi wa vijana wangu hapa karakana wanakosea hapo hapo. Na fimbo iwe mita moja juu ya ardhi, sio mita moja halafu unaichimbia sentimita 20, utakuwa umebaki na 80.

Nyongeza yangu kwa siku za mvua, au wakichoka na jua. Magari ya waya. Hao watoto tayari wanayatengeneza mtaani, hakuna haja ya kuwafundisha, wao ndio wakufundishe. Wewe leta ubao mmoja, uulaze kwa mteremko juu ya tofali mbili, kila gari liachiwe juu bila kusukumwa, wapime limefika wapi. Halafu wabadilishe kitu kimoja tu. Magurudumu ya visoda dhidi ya magurudumu ya ndala. Au mzigo wa mchanga ndani ya boksi. Uliza kwanza kabla ya kuachia: lenye mzigo litafika mbali au karibu? Nilijaribu na wanangu nyumbani, nilikuwa na uhakika na jibu langu. Nilikosea. Sisemi nilisema nini.

Na usiwaache waliokosa gari. Kuna mtoto hawezi kukunja waya lakini macho yake ni tepu, huyo akae mwisho wa mstari apime.

MwalimuWaNne | Jumapili, 28 Septemba

Narudi na ripoti, wiki tano baadaye. Samahani kwa kimya, nilikuwa nasahihisha kaunta buku.

Fedha: kaunta buku 12 za elfu tatu tatu, elfu 36. Elfu nne zikaenda kwenye uzi na pazia la mtumba. Imebaki sifuri na sijamwomba mzazi kitu. Fimbo watoto walikata wenyewe kwenye matete ya mtoni. Timazi ni uzi na jiwe, fundi ubarikiwe. Wiki ya kwanza kabla sijasoma ujumbe wako majibu yalitofautiana mno, kundi moja lilikuwa na sentimita 41. Tukarudia kesho yake kwa timazi, wakakaribiana hadi wote wakawa 29, 30 au 31. Mbishi wa kundi la 41 alikataa kufuta. Ameacha namba yake, ameipigia mstari na kuandika pembeni "fimbo ilikuwa imelewa".

Hizi ndizo namba walizokubaliana kama darasa: 30, kisha 25. Wiki ya tatu mawingu, hakuna kivuli. Wiki ya nne 15. Alhamisi iliyopita, 10.

Ugomvi mkubwa kuliko wote ulikuwa wa ile wiki ya mawingu. Makundi saba yaliandika 20. Nikawauliza mmepima saa ngapi? Hawakupima, walikisia, "kwa sababu inapungua tano tano, mwalimu, lazima ilikuwa 20". Makundi matano yakasema huo ni uongo, mtu haandiki asichokipima. Walibishana mpaka kengele ya kwenda nyumbani na hakuna aliyetoka. Mwishowe wakakubaliana 20 iandikwe kwa penseli, na zilizopimwa kwa kalamu. Sikuchangia neno. Nilitamani mkaguzi angepita siku hiyo, na kwa kawaida sitamani hivyo.

Wale wanne wa wiki ya pili: wapo. Mmoja ndiye mwenye saa katika kundi lake. Hana saa, nimemwazima ya kwangu, na kila Alhamisi anaanza kuidai saa nne asubuhi.

Yule binti wa "tumekosa nini" ni mbishi wa kundi la tisa. Hakuomba, zamu ilimfikia. Sasa hataki kuiachia.

Viwavi: tulikusanya 11. Watatu walikufa, hatujajua kwa nini, kundi lao linashuku wapishi wa uji walimwaga maji ya sabuni kwenye mlimau na wameanza kuwahoji. Wapishi wamechukia kidogo. Wawili wameshakuwa pupa, mmoja kijani na mmoja kahawia, na hilo nalo limezua kesi.

Nina maswali mawili, mzee wangu. La kwanza: kiwavi wa kundi la nne ameacha kula tangu juzi, anazunguka zunguka boksi kama amepoteza kitu, na kinyesi chake, ambacho siku zote ni vidonge vikavu, leo ni majimaji. Anaumwa?

La pili linanitia hofu zaidi. Mtoto mmoja ameandika kwenye kaunta buku: wiki ijayo 5, wiki inayofuata 0, wiki inayofuata "kasoro 5". Akaniuliza kama kivuli kinaweza kuwa kasoro tano. Namba za kasoro sijawafundisha, si za darasa la nne. Nimjibu nini?

MstaafuMuheza

La kwanza: haumwi. Anatoa vyote vya tumboni kabla ya kujifunga. Mwekee kijiti cha kuegemea, leo hii, kisha asiguswe. Ukichelewa atajifunga kwenye mfuniko na mtashindwa kufungua boksi.

La pili: usimjibu. Mwambie aandike na upande anaotarajia hicho kivuli chake cha kasoro kitalala. Hiyo tu. Halafu tarehe 16 umkabidhi rula yeye. Hakitakuwa tano kamili, kitapungua kidogo hapo, na mbishi wa kundi la tisa atampata.

FundiSeremala (Mbagala)

Kasoro tano! Huyo akimaliza la saba nileteeni karakana.

MwalimuWaNne

Fundi, huyo haji karakana, kashaniambia anataka kuwa mtu wa hali ya hewa.

Kijiti nimemwekea. Nimempigia mlinzi simu saa hizi, akanifungulia darasa, ananitazama kama nimechanganyikiwa.

MamaPacha (Thika)

Nimesoma yote kutoka juu mpaka hapa na chai imepoa. Pacha wangu wameshakata fimbo ya mita moja, wameipandisha juu ya paa la ghorofa, mwenye nyumba ameuliza kuna nini. Mzee wa Muheza, shikamoo. Siku yetu ya kukosa kivuli Thika ni lini? Tunataka kungoja pamoja na hao wa Morogoro.

MstaafuMuheza

Marahaba, mama. Ninyi mko karibu na mstari wa ikweta, jua limeshawapita utosini. Ilikuwa juzi juzi, tarehe 25 au 26 ya mwezi huu. Itabidi mngoje Machi, kama tarehe 17.

MamaPacha (Thika)

Alhamisi! Nilikuwa nafua nguo juu ya hilo hilo paa, mchana kweupe, na sikutazama chini.